Nakala Tatu za Dakika Kumi na Moja

Mlionisoma juma lililopita mliniacha nimeishika simu ya dada yangu, kioo kimesagika, nikiapa mbele ya Mama kwamba nitaifufua kabla ya Alhamisi, siku ya kesi yake. Mnaoanza leo, karibuni kwenye balaa. Nawapa kwa ufupi.

Mimi ni fundi simu. Dada yangu mkubwa, tumbo moja, yuko mahabusu wiki ya tatu sasa. Anashtakiwa kwa kujaribu kumuua mumewe, yaani Shemeji, mwenye bucha, kwa kumpiga shoka la nyama kisogoni. Shemeji aliwaambia polisi kwamba alikuwa ameketi jikoni anakula, hana hili wala lile, mara akashtukia kapigwa kutoka nyuma. Nyuzi kumi na saba kichwani. Dada alipoulizwa akasema neno moja: "Ni mimi." Toka hapo kimya.

Mama siku hiyo alikuwa kwa Dada, kaenda kumsalimia. Yeye anasema alikuwa uani anafua, alisikia kishindo tu.

Sasa, wakili wetu, mama mmoja wa miwani na maneno machache, alikuwa amemshauri Dada zamani: kila ukipigwa, weka ushahidi. Ndipo Dada akaanza kuiegesha simu kwenye rafu ya vyombo, katikati ya sahani, inarekodi. Siku ya shoka simu ilikuwa pale. Ilianguka, ikapasuka, nami nilipofika mbio nikaiokota chini ya kabati kabla polisi hawajafika, nikaificha ndani ya soksi. Nakiri. Ningekuwa na akili ningeitoa siku ile ile, lakini nilimwamini zaidi fundi kuliko polisi, na fundi mwenyewe ni mimi.

Haya, tuendelee.

Jumatatu nilikwenda kumwona Dada mahabusu. Ana alama za vidole shingoni mpaka leo, zimegeuka manjano.

"Dada, kioo kimefika. Kesho naifungua simu."

"Achana nayo."

"Nini?"

"Nimesema achana nayo, mdogo wangu. Itupe hata chooni."

"Dada, ile ndiyo itakayokutoa humu! Itaonyesha alivyokuwa anakuua!"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea. "Wewe tangu utotoni hujui kuacha kitu," akasema, akainuka, akarudi ndani. Nikajiambia amekata tamaa. Nikatoka pale nimevimba kwa hasira, nimekaza nia.

Jumanne asubuhi nikaifungua. Nilibadilisha kioo, nikasafisha mdomo wa chaji, nikaweka betri nyingine. Ikawaka. Haki ya Mungu nilipiga kigelegele, mwanaume mzima, duka zima likageuka.

Video ilikuwepo. Dakika kumi na moja na sekunde nne.

Nikavaa vipokea sauti nikaanza kuitazama. Shemeji anaingia jikoni na shoka lake, lile analolileta nyumbani kulinoa. Analitupa sakafuni. Anamshika Dada nywele, anampigiza uso kwenye ukingo wa sinki. Mara moja. Mara ya pili. Dada anatema kitu cheupe, jino. Shemeji anamwambia, "Unapiga picha eh? Unanipigia picha mimi?" Kisha anampiga teke la tumbo.

Dakika mbili tu. Nikaizima. Bisibisi ilinianguka. Nani anaweza kukaa akatazama dada yake akifanyiwa hivyo? Nikasema inatosha, hakimu atatazama iliyobaki.

Nikampigia Wakili.

"Sikiliza vizuri, Fundi," akasema. "Usinitumie bado, niko kikaoni mpaka saa tisa. Lakini sasa hivi weka nakala tatu. Usiziweke zote dukani. Umenielewa?"

"Mama Wakili, hiyo ni kazi yangu. Watu wananilipa kwa hilo."

"Sasa hivi, si baadaye."

"Sasa hivi."

Nikakata simu. Akaingia mwalimu mmoja analia, simu yake imezama kwenye ndoo, picha zote za arusi zimo humo. Nikaiweka simu ya Dada kwenye droo. Nikasema nimalizane na huyu kwanza. Kumbe!

Hapa lazima niwaungamie jambo, na mnitukane mkipenda.

Mteja akija kununua simu, simu inataka barua pepe. Mteja hana. Nimfungulie yake? Hiyo ni robo saa, na foleni iko mlangoni. Basi mimi ninaingiza barua pepe ya duka. Miaka minne naingiza hiyo hiyo, kwa kila anayekuja. Neno la siri ni jina la duka na moja mbili tatu nne, nimeliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, nimekibandika ukutani nisisahau. Akaunti ilipokuwa inajaa nilinunua nafasi zaidi. Sikujiuliza hata siku moja inajazwa na nini.

Simu ya Dada niliifungua kwa barua pepe hiyo. Ya Shemeji pia.

Ile simu ilipowaka asubuhi, ikadaka waifai ya duka, na humo drooni ikaanza kupandisha kwenye akaunti hiyo kila ilichokuwa nacho. Ilikuwa inahifadhi nakala, maskini, yenyewe, bila kuambiwa. Mwenye duka kalala, simu inafanya kazi.

Saa saba na nusu mchana mlango wa chuma ulivutwa chini kwa kishindo, mwanga ukakatika. Nikainua kichwa. Shemeji amesimama ndani, bandeji kichwani, aproni ya bucha kifuani ina damu ya ng'ombe bado mbichi. Mkononi ana jiwe la mizani la kilo mbili.

"Salama, shemeji?" akasema.

Sikuwahi kujibu. Alinipiga nalo begani nikaangukia kabati la vioo, nikaingia nalo mpaka chini. Nikasikia vigae vya kioo vinanichoma mgongoni. Akanivuta kwa kola, akanisimamisha, akanipiga kichwa cha pua. Damu ikanijaa mdomoni.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Usinijibu kijinga!" Akatoa simu yake mfukoni, akaniwekea machoni. Jiko la Dada. Sinki. Uso wa Dada. Video ile ile, ndani ya simu yake, inacheza.

Nikapigwa na bumbuwazi. "Umeipataje?"

Akacheka, jamani, alicheka kwa raha. "Ala! Unaniuliza mimi? Simu uliyonifungulia kwa mkono wako? Miaka mitatu, shemeji yangu, kila picha anayopiga dada yako inanijia. Majeraha yake, yananijia. Kadi ya huyo wakili wenu, ikanijia. Ule mlango wa chumba alichokwenda kupanga anikimbie, akaupiga picha akutumie wewe, ukanijia mimi kwanza. Nilifika pale kabla yake."

Wasomaji wangu wa zamani mnalikumbuka tukio hilo. Alimvunja Dada mbavu mbili. Na mnakumbuka tulivyosema kuna mtu anamwaga mtama, tukamshuku yule jirani mfua nguo, nami nikaenda kumtukana mbele ya watu na kumsukuma akaangukia ndoo zake akateguka mkono. Yule mama alikuwa analia anasema sijui kitu, sijui kitu. Hakujua kitu. Mmwaga mtama ni mimi. Kila kipigo kile nilikipeleka mwenyewe, kwa uvivu wa robo saa.

Nikamrukia. Sina mwili wa kupigana na mtu anayebeba nusu ng'ombe begani, lakini nilimrukia, nikamng'ata sikio, nikashika bandeji nikaivuta na nyuzi zake. Alipiga yowe. Akanibamiza ukutani, boksi lenye neno la siri likanidondokea kichwani. Kisha akanikaba koo kwa mkono mmoja, kwa ule mwingine akavuta droo, akaiona.

Aliiweka simu ya Dada juu ya kaunta. Akaiponda kwa jiwe la mizani. Mara sita, nilizihesabu. Kioo changu kipya kikawa unga.

"Nyingine iko wapi?"

"Hakuna nyingine."

"Umeweka wapi nakala?"

"Sijaweka! Haki ya Mungu sijaweka!"

Akanitazama machoni, akaona nasema kweli, na nadhani hilo ndilo lililomchekesha zaidi. "Fundi mzima!" Akaushika mkono wangu wa kulia, huu wa kazi, akaulaza juu ya kaunta, akashusha jiwe. Vidole vitatu. Nilisikia vinavyovunjika kabla sijasikia maumivu.

Kisha, nikiwa nimepiga magoti, akaishika simu yake mbele ya uso wangu, akabonyeza video, akaifuta. Taratibu kabisa, ili nione.

"Uliitazama mpaka mwisho?" akaniuliza.

"Nimeona ya kutosha, muuaji wewe."

Safari hii hakucheka. Alijishika kisogo, damu ilikuwa inamchuruzika shingoni. "Basi hujaona kitu. Mimi nafungwa, na si mimi peke yangu. Nimekufanyia hisani, mjinga wewe. Iache ipotee."

Akainua mlango, akatoka. Nilidhani anatapatapa. Mtu aliyeshikwa husema lolote.

Wa kwanza kuingia alikuwa Msusi wa saluni ya jirani, chanuo bado kiko mkononi. Akanikokota mpaka kwake, akanikalisha kwenye kiti cha kuoshea nywele, akanifunga vidole kwa kitambaa na vijiti viwili vya kusukia. Nililia mpaka nikaona aibu.

Katika kulia huko ndipo akili ikanirudi. Kitu kinachofutwa kwenye akaunti ile hakipotei siku hiyo hiyo. Kinatupwa kwenye pipa la taka, kinakaa humo siku kadhaa kabla ya kwenda moja kwa moja. Shemeji anajua nyama, hajui pipa. Lakini akiuliza mtu yeyote mwenye simu, atalijua. Na neno la siri liko ukutani kwangu kwa kalamu nene.

"Msusi, simu yako niliifungua mimi?"

"Wewe. Kwa nini?"

"Nipe! Nipe haraka!"

Akanipa. Nikafungua sehemu ya picha kwa mkono wa kushoto, na mtaa mzima ukanikodolea macho. Vitambulisho vya watu. Vyeti vya hospitali. Mtu kapiga picha kadi yake ya benki mbele na nyuma. Watoto wa watu wanaoga. Arusi ya yule mwalimu iliyozama kwenye ndoo, yote, haikupotea hata picha moja.

"Ulikuwa unaziona hizi?"

"Tangu mwaka juzi," akasema Msusi. "Nilidhani ni huduma yako. Ile arusi niliiona kabla ya wazazi wa bibi arusi."

"Na za dada yangu?"

Akashusha macho. "Na za dada yako."

"Ukanyamaza?"

"Kaka, nilidhani na wewe unaziona."

Nikaingia kwenye pipa. Video ilikuwa ya kwanza kabisa, juu ya matakataka yote. Nikairudisha. Nikabadilisha neno la siri, nikaweka refu, la maana, lisilo na jina la duka wala la mama mzazi. Kisha nikabonyeza pale panapotoa vifaa vingine vyote. Vilikuwa mia mbili na kumi na vitatu. Nikavitoa vyote, na cha Shemeji ndani yake.

Sasa, nikasema, safari hii sifanyi uzembe.

Nakala ya kwanza nikaiweka kwenye memori kadi, Msusi akaifunga kwenye nailoni, akaizamisha ndani ya kopo la mafuta ya nywele. Ya pili nikamfungulia Msusi barua pepe yake mwenyewe, ya kwake peke yake, nikaipandisha huko. Robo saa kamili. Nililia tena nilipoona ni robo saa tu. Ya tatu nikamtumia Wakili, na saa tisa na dakika kumi akapiga.

"Nimeipata. Mungu wangu, huyu mtu mnyama! Sikiliza, masjala ya mahakama inafungwa saa tisa na nusu. Naiingiza sasa hivi, na nyingine nampa mwendesha mashtaka mkononi, wasije kusema keshokutwa kwamba tuliificha."

"Umeitazama yote?"

"Nimefika anapomkaba. Inatosha. Wewe je?"

"Mimi pia imenitosha."

"Basi nakimbia."

Nikaegemeza kichwa kwenye beseni la kuoshea. Maumivu yalikuwa yanapanda mpaka kwapani, lakini nilikuwa na furaha, nawaambieni ukweli, furaha ya kijinga. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimefanya kazi yangu kama inavyotakiwa. Nikachukua simu ya Msusi. Nikasema, nimepigwa kwa ajili ya dakika hizi kumi na moja, acha nizimalize.

Dakika ya sita Shemeji anamkalia Dada kifuani. Dakika ya nane mikono yake yote miwili iko shingoni. Miguu ya Dada inapiga sakafu, inapiga, halafu inapunguza. Ndala moja inamtoka.

Dakika ya tisa miguu haipigi tena.

Mlango wa uani unafunguka. Inaingia mikono miwili iliyojaa povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Inainama, inaokota shoka sakafuni, inalishika kwa nguvu huku povu linadondoka. Halafu inashuka. Shemeji anaanguka ubavu, anagonga rafu, simu inaruka, picha inakuwa giza.

Lakini sauti ipo. Dada anakohoa, anakohoa kwa muda mrefu. Kisha sauti yake, nzito, ya mtu aliyetoka kufa:

"Mama, nenda uani. Nawa, halafu endelea kufua. Wewe hukuona kitu. Ni mimi. Umenisikia, Mama? Ni mimi."

Hapo ndipo inapoishia. Sekunde nne zilizobaki ni maji yanayochuruzika mahali fulani.

Nilikaa vile vile. Msusi alikuwa amesimama nyuma yangu, naye ameona, chanuo limemwanguka.

"Futa," akaninong'oneza. "Kaka, futa upesi."

Nikabonyeza kupiga simu kwa Wakili. Ikaita bila kupokelewa. Nikapiga tena. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tisa na dakika thelathini na mbili. Nikatazama kopo la mafuta. Nikaitazama ile barua pepe mpya. Tatu, sehemu tofauti, nje ya duka. Na zilizo mahakamani sina funguo zake.

Pazia la saluni likasogezwa. Mama akaingia, kabeba mfuko wa nguo safi za Dada, za kuvaa Alhamisi.

"Mwanangu! Nani kakufanya hivi?" Akapiga magoti, akaulaza mkono wangu kwenye mapaja yake. Mikono yake, hii hii. Nikashindwa kuitazama.

"Shemeji."

"Kwa sababu ya ile simu?"

"Ndiyo, Mama."

"Imefunguka?"

Simu ya Msusi ilikuwa magotini mwangu. Mama hajui kusoma sana, lakini anajua kunisoma mimi. Akaichukua, akamwomba Msusi amwonyeshe pa kubonyeza. Msusi akanitazama, nikainamisha kichwa. Aliitazama yote, tangu sinki mpaka maji. Hakupepesa.

"Nilipokuwa uani nilisikia kelele zake," akasema. "Nikaendelea kufua. Nilikuwa nimezoea, unajua? Ziliponyamaza ndipo nilipoingia." Akairudisha simu. "Dada yako aliniapisha. Alisema wewe hutaweza kulibeba hili."

"Mama, nitaifuta."

"Ziko ngapi?"

"Tatu. Na Wakili ameshapeleka."

"Tatu," akasema Mama, na akaniwekea mkono shavuni, wallahi, kana kwamba nimemletea cheti kutoka shuleni. "Basi dada yako anatoka."

Akainuka. Akauweka mfuko wa nguo magotini pangu, akavua kilemba, akajikalisha kwenye kiti kilicho mbele ya kioo. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesukwa vizuri, kazi ya Dada, kabla ya yote haya.

"Msusi," akasema, "zifumue, unipunguze. Huko ndani nani atanisuka?"

Msusi hakusogea. Simu ikaanza kuita mkononi mwangu. Wakili. Ikaita mpaka ikakata, ikaanza tena.

"Pokea, mwanangu," Mama akasema ndani ya kioo.